Ganzi ya miguu kwenye mashine: kiatu kinabana au sukari imepanda?

RWEZAMENYO, Kigali. Dakika ya 15 ndiyo humshinda. Mpaka hapo mama huyu, anayeleta nguo za watoto kutoka Kampala, huwa anakwenda vizuri: jasho linatoka, muziki unapiga, namba kwenye kioo cha mashine zinapanda. Kisha vidole vya mguu wa kulia vinaanza kuchomachoma kama vimekanyaga siafu. Dakika mbili baadaye havichomi tena, ni kama havipo. Anakanyaga, lakini hajui kama anakanyagia mguu au gogo. Anashuka, anavua kiatu, anakaa kwenye benchi akikandakanda wayo, na kabla hajamaliza kuukanda mguu umesharudi.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, una mashine chache na vyuma vya kunyanyua, katika mteremko wa Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge. Ni jirani na Biryogo na Nyamirambo, mitaa ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara zamani sana kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Jioni wengi wanaokuja hapa ni watu wa mipakani, wa Gatuna, Rusumo na Kagitumba. Hawakuja kutafuta vifua vya wacheza sinema. Wamekuja kwa sababu kituo cha afya kiliwaambia presha imepanda, au uzito umezidi, au vyote viwili, na wakaambiwa wafanye mazoezi walau dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima.

Kwenye benchi lile lile hukaa mzee mmoja, zamani dereva wa lori njia ya Rusumo, sasa muuza vipuri. Naye alipata ganzi, ya miguu yote miwili. Akasema ni viatu. Akanunua jozi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kisha ya tatu, kubwa kuliko ya pili. Jioni moja alipovua soksi nyumbani akaikuta imelowa damu. Msumari mdogo ulikuwa umetoboa soli ukaingia chini ya kidole, na yeye alikuwa ametembea nao juu ya mashine nusu saa nzima bila kuhisi chochote. Kidonda hakikupona. Kidole kikakatwa. Hospitalini ndipo alipoambiwa kwamba sukari yake ilikuwa juu, pengine kwa miaka mingi.

Watu wawili, ukumbi mmoja, neno moja: ganzi. Lakini yale ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayeyachanganya anaweza kulipa kwa mguu wake. Kwa hiyo swali la kwanza si dawa gani inunuliwe. Swali la kwanza ni hili: ukivua kiatu, ganzi inaondoka au inabaki?

Mguu usioinuka

Tuanze na ile inayoondoka, maana ndiyo ya wengi.

Mtu anapotembea barabarani, kila hatua mguu unainuka. Kwa muda mfupi uzito unauhama, damu inapita, na mishipa ya fahamu iliyopita katikati ya mifupa ya mbele ya wayo inapata nafasi. Sasa itazame ile mashine anayoitumia mama wa nguo za watoto, yenye vikanyagio viwili virefu na mikono ya kusukuma na kuvuta. Ilianza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1990, na sifa yake kubwa ni kwamba haipigi magoti, kwa sababu wayo hauondoki kwenye kikanyagio hata mara moja. Sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake. Kwa dakika 20 au 30 uzito unabaki pale pale, na kwa kuwa wengi huinama mbele na kusimamia ncha za vidole, pale pale ni chini ya vidole, mahali mishipa ya fahamu ilipo karibu na ngozi.

Baiskeli ya mazoezi ina tabia kama hiyo. Mashine ya kukimbilia ni afadhali kidogo, maana mguu unainuka, lakini mkanda wake ni tambarare na kila hatua ni pacha wa iliyotangulia. Sehemu ile ile ya wayo inapigwa mara elfu kadhaa. Mwenye kupanda kutoka Kimisagara hadi Nyamirambo kwa miguu hana tatizo hilo, kwa sababu mlima haumruhusu kurudia hatua ile ile mara mbili.

Ongeza joto. Miguu ikifanya kazi huvimba kidogo, na kiatu kilichokaa sawasawa wakati wa kuanza kinakuwa kimebana dakika 15 baadaye. Hiyo ndiyo sababu ganzi haiji mwanzoni.

Hata mabingwa wanayajua haya. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Wapenzi wa mchezo huo wanafahamu kwamba waendesha baiskeli hulalamikia nyayo zinazowaka na vidole vinavyokufa ganzi katika safari ndefu. Ndiyo maana viatu vingi vya mashindano vina kitufe cha kuzungusha, ili mtu alegeze au akaze bila kushuka. Kama wao wanalegeza viatu wakiwa njiani, hakuna aibu kwa mtu wa Rwezamenyo kufanya hivyo.

Mahali ganzi inapotokea pia panasema kitu. Ikiwa ni kati ya kidole gumba na cha pili, angalia kamba: kuna mshipa wa fahamu unaopita juu ya mguu, chini kabisa ya fundo, na kamba iliyokazwa sana huukandamiza. Ikiwa ni kati ya kidole cha tatu na cha nne, na unahisi kama umekanyaga kijiwe ambacho hukioni, huenda mshipa wa hapo umeanza kuwa mnene kwa kubanwa muda mrefu. Viatu vyembamba mbele na visigino virefu huongeza shida hiyo, na usipoyapa nafasi mapema utahitaji daktari.

Namba za viatu hazina mpaka mmoja

Wasomaji wetu wengi wanauza viatu, na wengine wanaifahamu historia ya biashara hiyo kuliko mwandishi. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha sana ushuru wa nguo na viatu vya mitumba. Majirani waliokuwa wameafikiana nayo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki walirudi nyuma, Rwanda ikabaki na msimamo wake, na Julai 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuingiza nguo huko bila ushuru. Tangu hapo raba ya mtumba ina bei moja upande mmoja wa mpaka na bei nyingine upande wa pili.

Lakini mguu haujui ushuru. Raba ya mtumba inaweza kuwa nzuri kwa macho ilhali soli yake ya ndani imeshachukua umbo la wayo wa mtu mwingine, na sponji yake imekuwa ngumu kwa uzee. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya soli: isipobonyea wala kurudi, hicho ni kiatu cha kutembelea sokoni, si cha mashine.

Tatizo la pili ni namba. Kiatu kimoja huandikwa namba ya Ulaya, ya Uingereza na ya Marekani, na hata namba moja hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Njia ya uhakika ni sentimita. Simama juu ya karatasi jioni, wakati miguu imeshavimba kwa kazi za siku, chora wayo, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi. Fanya kwa miguu yote miwili, maana kwa watu wengi haiko sawa, kisha nunua kwa kufuata mguu mkubwa. Ukishavaa, ibaki nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, na vidole viweze kucheza. Muuzaji anayempimia mteja hivi atauza kiatu kimoja leo, na mwezi ujao ataletewa ndugu na majirani.

Kamba nazo: ruka tundu moja mahali panapokubana juu ya mguu, na usikaze mpaka alama ibaki kwenye ngozi.

Kabla ya mashine kulikuwa na basi

Mama wa nguo za watoto alikuwa na jambo jingine ambalo hakulitaja mpaka alipoulizwa. Siku ambazo ganzi huwahi ni zile alizoshuka kwenye basi asubuhi. Kutoka Kampala hadi Nyabugogo ni kilomita zipatazo 500, pamoja na foleni ya Gatuna. Magoti yamekunjwa, mzigo mwingine uko chini ya miguu, na mara nyingi mguu mmoja umepandishwa juu ya mwingine ili nafasi itoshe. Jioni yake anapanda mashine kwa miguu ambayo imevimba tangu alfajiri.

Kukunja nne kwa saa nyingi kuna hatari yake. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, kuna mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga. Ukibanwa, sehemu ya juu ya mguu hufa ganzi, na ukizidi kubanwa mtu hushindwa kuinua wayo. Kubeba marobota nako kunaweza kuumiza mgongo, na ganzi ya aina hiyo huanzia kiunoni au kwenye tako, ikashuka na maumivu hadi vidoleni. Hiyo haina uhusiano na raba yako.

Jambo la hatari zaidi ni damu kuganda. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti kwamba kukaa safarini zaidi ya saa nne, iwe kwa ndege, treni, basi au gari, huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, lakini msomaji wetu husafiri kila wiki. Ukiona ndama ya mguu mmoja imevimba, ina joto na inauma baada ya safari, usiikande wala usipande mashine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kukianza kubana kifua na pumzi kukatika, hiyo ni dharura.

Basi linaposimama, shuka utembee. Likiwa linakwenda, inua visigino na kuvishusha mara 20 kila nusu saa. Ni jambo dogo na halina gharama.

Ganzi isiyoondoka

Sasa turudi kwa mzee wa vipuri.

Ganzi yake haikusubiri dakika ya 15. Alikuwa nayo kabla ya mashine na baada ya mashine. Usiku nyayo zilimwaka moto hata akazitoa nje ya shuka. Ilikuwa sawa miguu yote miwili, ikaanzia vidoleni, ikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Wakati mwingine alihisi amevaa soksi kumbe yu pekupeku. Kila alichoeleza kilikuwa dalili ya kisukari kilichokwisha kugusa mishipa ya fahamu. Sukari nyingi kwenye damu huharibu mishipa hiyo na vijishipa vya damu vinavyoilisha, na mishipa mirefu kuliko yote mwilini ni ile inayofika vidole vya miguu. Ndiyo maana huanzia huko.

Ganzi ya namna hii ina udanganyifu wake. Mwanzoni inauma, mtu anahangaika. Baadaye maumivu yanapungua, naye anadhani amepona, kumbe mlinzi amelala. Hapo ndipo msumari unaingia, maji ya moto yanaunguza, kiatu kinachubua, na mwenye mguu hana habari.

Kujua ni rahisi kuliko kuvuka mpaka. Kipimo cha sukari huhitaji tone la damu. Kigali imekuwa na Jumapili zisizo na magari tangu 2016, na siku hizi ni mbili kwa mwezi. Wakazi hukimbia barabarani, na pia hupimwa sukari na presha bila malipo. Siku nyingine kipo kituo cha afya, na wenye bima ya jamii, Mutuelle de Santé, hulipia sehemu ndogo tu.

Wafanyabiashara wetu wajihadhari na jambo moja. Rwanda majibu mara nyingi huandikwa kwa miligramu, ilhali Kenya, Uganda au Tanzania unaweza kupewa kwa milimoli. Ni kama faranga na shilingi: namba ni tofauti, thamani ni ile ile. Kiwango cha kubadilisha hakipandi wala hakishuki, ni 18. Mtu ambaye hajala tangu usiku akipata 126 Kigali na 7 Kampala amepata jibu moja, na jibu hilo likirudiwa siku nyingine ni kisukari. Aliyeona 7 akafurahi kwamba ni ndogo kuliko 126 ya jirani yake amejidanganya.

Si kila ganzi isiyoondoka ni sukari. Pombe nyingi kwa miaka huleta hali hiyo. Dawa mojawapo ya kifua kikuu, isoniazidi, yaweza kuileta, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Metifomini, dawa ya kisukari yenyewe, ikitumiwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi. Ukoma bado upo katika nchi zetu: baka lenye rangi iliyofifia ambalo halihisi mguso ni sababu ya kwenda hospitali, na dawa yake hutolewa bure. Na mwenye kuumwa ndama kila akitembea mpaka asimame, huku mguu ukiwa wa baridi, hasa akiwa mvutaji sigara, akachunguzwe mishipa ya damu.

Vidonge vya neva

Kila stendi kubwa ina mtu anayeuza vidonge vya neva. Baadhi ya wasomaji wetu huvibeba wenyewe kuvusha mpaka. Mara nyingi ndani yake mna vitamini za kundi B, na kwa mwenye upungufu ni dawa kweli. Lakini vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ile ile. Mtu anameza kimoja, haoni nafuu, anaongeza viwili. Anazidi kufa ganzi, anaongeza vitatu. Mzee wa vipuri alipita njia hiyo pia, kati ya jozi ya pili ya viatu na ya tatu, na miezi aliyoipoteza ilikuwa miezi ambayo sukari ilifanya kazi bila kusumbuliwa.

Pima kwanza. Ukishajua unatibu nini, ndipo ununue.

Mazoezi yaendelee

Haya yote hayasemi watu waache mashine. Mwenye presha anazihitaji, na mwenye kisukari anazihitaji zaidi, kwa sababu misuli inayofanya kazi huitumia sukari. Kinachobadilika ni namna.

Kwa ganzi ya kiatu: legeza kamba, kanyagia wayo mzima hadi kisigino, punguza uzito wa mashine, usining'inie kwenye mikono yake. Kila dakika tano simama, inua mguu mmoja baada ya mwingine, chezesha vidole. Changanya mashine, dakika kumi hapa na kumi pale, na siku isiyo na mvua mwachie mlima kazi. Ukifanya haya wiki mbili au tatu na ganzi bado inakuja, muone daktari hata kama inaondoka ukivua kiatu.

Kwa mwenye kisukari: tazama nyayo kila jioni, kwa kioo kama huwezi kuinama. Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko. Ukiwa na kidonda wayoni usitembee wala kukimbia kwenye mashine mpaka kitazamwe, na uulize ni zoezi gani la kukaa linalokufaa.

Mama wa nguo za watoto amefuata ya kwanza. Alinunua raba pana zaidi, akaruka tundu moja la kamba, akaacha kupanda mashine siku anayoshuka kwenye basi. Wiki iliyopita alifika dakika ya 25 kabla vidole havijaanza kuchoma. Jumapili isiyo na magari alipanga foleni akapimwa sukari. Namba aliyopewa ni yake. Alichosema ni kwamba ameambiwa arudi kupimwa tena kabla hajala, na kwamba atarudi akitoka Kampala.

Mzee wa vipuri naye hajaacha kuja. Kabla ya kuvaa kiatu hukigeuza juu chini, hukigonga sakafuni mara tatu, kisha huingiza mkono ndani na kupapasa mpaka mwisho. Vijana wa vyuma walikuwa wakimcheka, wakidhani ni mambo ya kishirikina. Siku hizi mama akikaa kwenye benchi lile hugonga vyake pia.